Bwana Majani na Dawa Iliyokadiriwa

Ilikuwa mwaka ule maji yalipobeba daraja la mtaa wa chini. Hapana, siyo huo. Daraja lilikwenda mwaka uliofuata, kwa sababu siku Bwana Majani alipokwenda kuomba kazi kwenye nyumba za vioo alipita juu ya daraja hilohilo, viatu mkononi visije vikaingia vumbi. Basi tuseme ulikuwa mwaka mmoja kabla, mwaka wa jua kali, paka wakilala katikati ya njia na kukuangalia kama vile wewe ndiye unayepaswa kuzunguka.

Siku hizo hakuwa Bwana Majani bado. Alikuwa muuza miche, mtu wa makamo mwenye mgongo uliokwisha kuzoea kuinama, na mahali pake pa biashara palikuwa ukingoni mwa barabara kuu, pale magari makubwa yanapopunguza mwendo kabla ya mzunguko. Aliuza miche ya waridi, ya nyanya, ya miti ya kivuli, yote kwenye makopo ya rangi na chupa za plastiki zilizokatwa shingo. Watu walisema ana mkono. Mche ukinyauka kwako ukamrudishia, wiki moja baadaye ungeukuta umesimama wima, umenawiri kama mtoto aliyelelewa na bibi. Akiulizwa siri yake alicheka tu.

"Siri gani? Nauamkia asubuhi, naumwagilia, basi."

Nyumba za vioo zilikuwa tatu, nyuma ya jengo la maabara, zimepangana kama mabehewa. Mkuu wa pale alikuwa Daktari, mwanamume mrefu, mpole, ambaye miwani yake ilikaa juu ya paji la uso muda wote na muda wote akiitafuta. Usaili haukuwa na mambo mengi.

"Mzee, unajua kumwagilia?"

"Daktari, mimi kingine sijui."

"Na kushika sheria? Humu huingii na viatu vya nje, na hutoki na jani hata moja. Hata lililokauka."

"Hata likininasa kwenye nywele?"

"Hata hilo. Unalitoa, unatuachia."

Akapata kazi. Wiki haikuisha wenzake wakawa wameshampachika jina hilo la Bwana Majani, na likamkaa kuliko la kuzaliwa.

Kilichooteshwa mle ni mmea wa ukoo wa tumbaku, laini, wenye majani mapana yanayonata kidogo vidoleni. Dereva wa gari la maabara, mtu wa mizaha asiyejua kunyamaza, alimwuliza siku ya kwanza kama atamchomolea japo kidogo cha kuvuta. Kabla hajajibu, Dereva akajijibu mwenyewe: "Hii ukiivuta, mzee, unapona ugonjwa usiokuwa nao." Akacheka mpaka akashika mlango.

Lakini ndivyo ilivyokuwa hasa. Mmea ukishakua kiasi, ulipinduliwa kichwa chini ukazamishwa kwenye pipa la maji yenye bakteria, na bakteria hao walikuwa wamebebeshwa maagizo. Mashine ilivuta hewa yote iliyomo ndani ya jani, halafu ikairuhusu irudi kwa ghafla, na jani likayanywa yale maji kama mtu aliyetoka juani. Tangu hapo jani lilianza kutengeneza kitu ambacho halikupata kukitengeneza tangu ulimwengu uumbwe: protini ya mwili wa binadamu. Baada ya siku chache majani yanavunwa, yanakamuliwa, yanachujwa, na mwishoni kabisa, baada ya vyumba vingi na mashine nyingi, kinatoka kichupa kidogo cha dawa.

Jioni moja alijaribu kumweleza mdogo wake. Huyu ndiye aliyebaki naye nyumbani, mwanamke fundi cherehani, kitinda mimba wa mama yao, na kaka yake alimwita Kitinda tangu akiwa mchanga. Wazazi walipofariki yeye ndiye aliyemlea, akamsomesha kadiri alivyoweza, akamnunulia cherehani. Walikaa vyumba viwili. Cherehani ilikuwa dirishani, na vipande vya vitambaa vilitapakaa mpaka chini ya kitanda cha kaka mtu.

"Sasa hao bakteria," alisema Bwana Majani, "ni kama mteja anayekuletea karatasi ya kukatia. Wewe hujawahi kushona gauni la namna ile, lakini karatasi unayo, unafuata tu mistari."

"Kwa hiyo majani yako yanashona kwa mshono wa kuazima."

"Ndiyo hivyo."

"Na yanalipwa nini?"

"Maji."

"Mwambie bosi wako nami anitafutie kazi hapo. Maji nayataka, hapa bomba limekatika tangu asubuhi."

Kitinda alikuwa mtu wa maneno. Ilimbidi. Tumbo lake lilikuwa kubwa kwa miaka mingi, upande wa kushoto limechomoza kama amebana mkoba, na hapakuwa na mteja mgeni aliyekaa kupimwa bila kumwuliza atajifungua lini. Mwanzoni alikuwa akilia. Baadaye alijifunza kujibu: "Nimebeba tembo, dada. Bado, wala usiandae nepi." Halikuwa mimba, wala halikuwa mambo ya watu wabaya kama majirani walivyonong'ona. Lilikuwa bandama lililovimba. Walizunguka hospitali mpaka viatu vikaisha visigino kabla hawajapata daktari aliyewaambia kwamba mwili wa Kitinda umezaliwa bila uwezo wa kutengeneza protini moja, ile inayosafisha mafuta ya aina fulani ndani ya chembechembe za mwili. Mafuta hayo hayana pa kwenda, yanajazana kwenye bandama, kwenye ini, kwenye mifupa. Ndiyo maana mifupa ilimuuma mvua ikikaribia na hata isipokaribia. Ndiyo maana damu ya puani ilikuwa haikatiki. Dawa yake ipo, daktari yule alisema, ila inatoka mbali na si ya watu kama ninyi, samahani kwa kusema hivyo. Wakamsamehe. Wangefanya nini?

Tuelewane hapa: Bwana Majani hakuomba kazi kwa ajili ya hilo. Aliomba kazi kwa sababu barabara ilipanuliwa na mahali pake pa miche pakaliwa na lami. Ilikuwa miezi kadhaa baadaye, amebeba ndoo ya kumwagilia, alipomsikia Daktari akizungumza na wageni kwenye ujia, akataja jina la ugonjwa. Lile jina refu, ambalo yeye na Kitinda walijifunza kulitamka kwa taabu kama watoto wanaofundishwa wimbo wa lugha ngeni. Aliiweka ndoo chini. Maji yakamwagika yakaingia kwenye viatu vyake, naye hakusogea.

Basi hiyo protini, ile aliyokuwa akiiamkia kila asubuhi bila kujua, ndiyo aliyoikosa mdogo wake.

Alimfuata Daktari ofisini, kofia mkononi, akaeleza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, na mara hii hakuitafuta miwani. Alimweleza kwamba dawa bado ni ya majaribio, kwamba hospitali kuu itachukua wagonjwa wachache tu, kwamba yeye si mwenye kuamua nani aingie, ila Kitinda apelekwe akapimwe kama watu wengine. Na wagonjwa wangapi? Hilo, alisema, linategemea dawa itakayopatikana. "Kamwulize yule binti wa hesabu. Akisema dawa itatosha watu kumi, tutawaita kumi. Akisema watano, watano."

Binti wa hesabu waliyemzungumzia, wafanyakazi walimwita Bi Makadirio. Alikuwa msichana mwembamba aliyechomeka penseli kwenye nywele na kuisahau humo. Kazi yake haikuwa kushika mmea. Kazi yake ilikuwa kujua, kabla mmea haujaota, utatoa dawa kiasi gani. Watu wa bustanini walimwona kama mpiga ramli mwenye kompyuta, na Dereva aliwahi kumpa kiganja amsomee atapandishwa cheo lini.

Bwana Majani alipokwenda, Kitinda akiwa amekwisha kupimwa hospitalini na kuingizwa kwenye orodha, alimkuta binti anakula mkate mkavu huku akitazama kioo cha kompyuta.

"Shikamoo mzee. Karibu uone." Kwenye kioo palikuwa na mstari unaopanda, ukafika juu, ukashuka.

"Huo mlima ni nini, binti?"

"Dawa ndani ya jani. Siku tunayolizamisha hakuna kitu. Kisha jani linaanza kazi, inapanda, inapanda. Hapa kileleni, siku ya sita hivi, ndipo tunapovuna. Ukichelewa inaanza kushuka."

"Inakwenda wapi?"

"Jani lenyewe linaila."

"Kumbe lina njaa."

"Lina njaa, mzee. Na sisi tuna haraka."

Akamweleza taratibu jinsi modeli yake inavyokwenda: mwanga kiasi gani, joto kiasi gani, jani zito kiasi gani, na kila kilo ya majani ina dawa kiasi gani siku hiyo. Unazidisha kwa meza zote zilizomo kwenye nyumba tatu, unapata jibu. Jibu halikuwa namba moja. Lilikuwa na ukanda wa rangi ya kijivu juu na chini ya mstari, kuonyesha kwamba huenda ikawa zaidi, huenda ikawa pungufu. Bwana Majani aliutazama ule ukanda akauona kama ukungu tu.

"Sasa mdogo wangu?"

Bi Makadirio alitazama namba, akamtazama yeye. Alijua habari yenyewe. Pale hakuna aliyekuwa hajui. "Kwa jinsi ilivyo sasa, mzee, dawa inatosha watu kumi na mbili. Naye nimesikia ni wa kumi na mbili."

Siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu, hakuona hata alikopita. Kitinda alimsikiliza, akaendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

"Wa mwisho tena," alisema. "Kuzaliwa wa mwisho, kuponywa wa mwisho. Hata kuzimu nitakuta wamefunga." Kisha akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akajifunika uso kwa gauni la mteja.

Kuanzia hapo Bwana Majani alifanya kazi kama mtu anayenyonyesha. Alifika asubuhi milango haijafunguliwa. Alisogeza trei zilizokuwa zikizibana, alifuta vumbi kwenye vioo, alizungumza na mimea mpaka Dereva akamwuliza kama huwa inamjibu. Kila Jumanne ilikuwa zamu ya sampuli: alipeleka mimea michache kwenye chumba cha mizani, ipimwe uzito na kiasi cha dawa, na vipimo hivyo ndivyo vilivyolishwa kwenye modeli. Aliibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka chai kwa wageni.

Hospitali ikapanga makundi mawili. Kundi la kwanza la wagonjwa sita lingeanza dawa na mavuno makubwa ya kwanza, kundi la pili, pamoja na Kitinda, lingeanza na mavuno ya pili. Kila mmoja angetundikiwa dawa baada ya kila wiki mbili, bila kukatiza. Kitinda alijishonea gauni la kwendea hospitali, kiunoni ameliachia nafasi ya kupunguza. "Bandama likinywea," alisema, "nalipunguza hapa na hapa, sitaki kuonekana kama nimevaa hema."

Mavuno ya kwanza yakaja. Yalikuwa siku ya kelele na mapanga madogo na kreti za kijani zikisukumwa kwenye ujia, na watu walikunywa soda. Baada ya wiki kadhaa, vyumba vya ndani vilipomaliza kazi yao, dawa ikapimwa. Ilikuwa zaidi ya nusu ya iliyotarajiwa, lakini zaidi kidogo tu.

Daktari aliishusha miwani machoni, akasoma karatasi, akaipandisha tena. Bi Makadirio alijifungia na kompyuta yake. Alitafuta kosa kwenye joto, akatafuta kwenye mashine ya kuvuta hewa, akatafuta kwenye chujio, akawauliza watu wa vyumba vya ndani mpaka wakaanza kumkwepa. Alikonda zaidi, kama hilo liliwezekana. Ukanda wa kijivu haukusaidia kitu. Dawa iliyopatikana ilikuwa chini hata ya ukanda.

Jumanne moja, kwa kuchoka tu, aliingia nyumba ya vioo ya pili akapumzishe macho. Alimkuta Bwana Majani katikati ya meza, anainua mmea huu, anautazama, anaurudisha, anainua ule.

"Unafanya nini, mzee?"

"Sampuli zako, binti."

"Mbona umeurudisha huo?"

"Huu? Huu umepinda kidogo." Akachukua mwingine, wenye majani mapana yaliyotanda kama sahani, akaufuta kwa kitambaa kibichi. "Huu ndio wa kwenda."

"Na ile pale pembeni, ukutani?"

"Ile?" Bwana Majani alisikitika kama ameulizwa habari za ndugu mlevi. "Ile inapigwa na upepo wa mlangoni, mwanga pia haiupati vizuri. Naijali, naimwagilia, lakini ile si ya kumpelekea mtu."

Bi Makadirio aliipindua ndoo tupu, akaikalia.

"Mzee. Tangu lini unachagua hivi?"

"Tangu mwanzo. Ulisema nilete yoyote. Sasa mtu akikuambia mletee kikombe chochote, unamletea chenye ufa?"

Alicheka. Alicheka kweli, penseli ikamdondoka nywelani, na Bwana Majani naye akacheka kwa sababu ya yeye kucheka. Kisha akaacha. Akaitazama mimea ya ukutani, meza baada ya meza, nyumba nzima, kila pembe na kila ukingo, myembamba, iliyofifia, mingi kuliko ile mizuri ya katikati. Modeli yake haikuwahi kuuona hata mmoja. Modeli yake iliamini dunia nzima inafanana na katikati ya meza.

"Nimekosa nini?" aliuliza Bwana Majani, ambaye kicheko kilikuwa bado hakijamtoka usoni.

"Hujakosa wewe. Nilisema yoyote. Nilipaswa kusema ufumbe macho." Akasimama, akajifuta suruali. "Mimi sikuja hapa hata siku moja kuangalia. Hata siku moja, mzee."

Alipomweleza, Bwana Majani alielewa upesi kuliko alivyotaka. Hakulaumiwa na mtu. Daktari mwenyewe alimshika bega akasema kosa ni la utaratibu. Laiti angegombezwa! Mtu akigombezwa huwa na la kujibu, huwa na la kuomba radhi. Yeye alipewa mkebe wenye vipande vya karatasi vyenye namba za trei, achomoe bila kutazama, apeleke kilichotoka. Akawa anabeba mimea iliyopinda, yenye madoa, yenye jani moja zima na matatu yaliyojikunja, anaibeba kwa mikono miwili vilevile, na watu wa chumba cha mizani wakawa wanaiona haya usoni mwake.

Mlima mpya ulipochorwa kwenye kompyuta, ulikuwa kilima.

Wakaita kikao. Bwana Majani aliruhusiwa kukaa nyuma, karibu na mlango. Maneno yalikuwa machache na yote yalikuwa ya haki, ndiyo maana hayakuwa na mahali pa kushika. Waliokwisha kuanza dawa hawawezi kukatishwa, kwa sababu kukatishwa kunawarudisha pabaya. Mavuno ya pili, kwa makadirio mapya, yanatosha kuwaendeleza hao sita tu. Kundi la pili lisianze.

"Tukiongeza meza?" aliuliza Bwana Majani kutoka nyuma. Wote wakageuka.

"Meza zimejaa, mzee," alisema Daktari.

"Tukijenga nyumba ya nne? Mimi nitachimba msingi mwenyewe."

"Wafadhili wameshakataa. Nimewaandikia mara mbili."

"Basi ile ya ukutani. Nikiihamishia katikati kwa zamu, asubuhi hii, jioni ile?"

Daktari alimtazama Bi Makadirio, naye akapiga hesabu papo hapo, kwa heshima, asionekane anampuuza. Vidole vilikwenda, vikasimama. "Itaongezeka kidogo, mzee. Nimeweka kila kitu kinachoweza kuongezeka. Haifiki mtu wa saba."

"Haifiki hata nusu mtu?"

Hakukusudia kuchekesha na hapakuwa na aliyecheka.

Alimwambia Kitinda siku hiyohiyo, jua bado lipo, kwa sababu aliogopa kwamba akilala nalo litamkaba. Alimweleza yote, pamoja na habari ya kuchagua. Kitinda alikuwa anatundika gauni la mteja msumarini.

"Kwa hiyo ulikuwa unawapelekea mizuri tu."

"Ndiyo."

"Kaka wewe! Hata sokoni wewe ndiye unayewachagulia watu nyanya nzuri, wewe unarudi na zilizopasuka." Akanyoosha mikono ya lile gauni. "Ungewapelekea mibaya tangu mwanzo wangesema dawa inatosha watu sita. Mimi ni wa kumi na mbili. Nisingeingia hata hivyo. Au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi umenipa miezi ya kuringa. Majirani wote wanajua natibiwa na majani." Alivuta kiti akaketi, polepole, maana nyonga ilikuwa imeanza kumsumbua vibaya. "Ila lile gauni sasa nani atalivaa? Nimeliachia kiuno chote kile."

Bwana Majani akaenda kuteka maji, ingawa ndoo zilikuwa zimejaa.

Akaendelea na kazi. Watu walimshauri aache, aombe hata ulinzi mahali pengine, asitese roho yake. Aende wapi? Barabara ilishakula mahali pake. Na pia, hili hakulisema kwa mtu, alihisi kwamba akiondoka, ile mimea itapata mtu asiyeiamkia, na wale sita wa kundi la kwanza, ambao hakuwahi kuwaona, watapungukiwa. Mmoja wao, Dereva alimwambia, alikuwa mwalimu wa shule na sasa amerudi darasani. Tumbo limenywea, anapanda ngazi. Dereva alileta habari hiyo kama zawadi, halafu katikati ya maneno akagundua anamwambia nani, akaanza kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo.

Mvua zilipokuja, zile zilizobeba daraja, Kitinda alivunjika nyonga. Hakuanguka. Alikuwa amekaa, anakanyaga cherehani, mfupa ukalia. Walimpeleka wamembeba kwenye kiti, wakizunguka mbali kwa sababu daraja halikuwepo. Aliporudi hakuweza tena kukanyaga, na wateja waliendelea kuja kwa muda, wengine wakikaa tu kuzungumza, kisha wakapungua, kama ilivyo. Aliomba cherehani iondolewe dirishani apate kuona njia. Kaka yake akaisogeza. Wakati wa asubuhi, kabla hajatoka, alimwinua, akamwosha, akamwachia chai kwenye chupa, na Kitinda akawa anamwambia: "Nenda kaamkie wenzio, wasije wakanuna."

Mavuno ya tatu yalipita, yakaja ya nne. Kwenye hayo ya nne mtu wa tanuri aliugua, na Bwana Majani akapewa kazi ya kusukuma machicha. Kabla ya hapo hakuwahi kuingia upande ule wa jengo. Majani yakishakamuliwa, maji yake huenda vyumba vya ndani, na kinachobaki ni machicha ya kijani yaliyokolea, yenye unyevu, mengi mno, yanayonuka kama nyasi zilizokatwa. Sheria ni ileile ya siku ya kwanza, hakuna jani linalotoka. Machicha yote yanachomwa.

Alisukuma toroli la kwanza, akaingiza sepetu, akasita. Alichukua machicha kidogo kwa mkono wenye glavu, akaminya. Tone la kijani likatoka, likamtiririka kifundoni.

Bi Makadirio alikuwa amesimama mlangoni na karatasi zake, amekuja kupima uzito wa toroli.

"Binti," alisema Bwana Majani, "haya bado yana maji."

"Ndiyo, mzee."

"Na maji yake yana dawa?"

"Yana. Mashine haitoi yote. Kuna inayobaki imeshikana na jani, hatujapata njia ya kuitoa salama. Kwenye modeli tunaiandika kama hasara."

"Hata nikimpelekea ayanywe hivihivi?"

"Tumboni inayeyuka, mzee, haifiki kwenye damu. Na ikiingizwa kwenye damu hivi ilivyo, itamuua. Ningekuambia. Wallahi ningekuambia."

Alimwamini. Huyu ndiye mtu aliyekaa juu ya ndoo akasema kosa ni langu. Bwana Majani alitazama machicha, akatazama mdomo wa tanuri, akaingiza sepetu ya kwanza. Yaliungua kwa shida kwa sababu ya ule unyevu. Yalitoa kwanza mvuke mweupe, kisha moshi, kisha ndipo moto ukayakubali. Akaingiza ya pili. Bi Makadirio aliandika uzito, hakuondoka. Alikuwa na hesabu ya kila kitu kwenye ile karatasi, ya majani yaliyoingia, ya dawa iliyotoka, ya iliyopotea njiani. Yeye ndiye mtu pekee aliyeweza kujua.

Basi Bwana Majani akasimamisha sepetu, akamwuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, na binti akainamia karatasi zake akawa kama anasoma, na siku zilizofuata akamwuliza Daktari, naye Daktari akaitafuta miwani, na miaka imepita, Kitinda ametangulia, nyumba za vioo zimebomolewa pakajengwa maghala, na hakuna hata mmoja aliyepata kumjibu:

"Hii iliyomo humu, ninayoichoma kwa mkono wangu, ingemfikisha mpaka lini?"